Je, Wajua? Kutoka Waikiki Hadi Jogoo Road

Je, wajua kwamba ule wimbo wa mapenzi unaopigwa kwa mdundo wa rege ndani ya matatu za Buruburu, ambao maharusi kadhaa wa Eastlands wameingia nao ukumbini, katika filamu uliimbiwa bibi kizee?

Ndiyo, ajuza. Wimbo ni "Can't Help Falling in Love" na filamu ni Blue Hawaii ya mwaka 1961. Elvis Presley anaigiza kijana aitwaye Chad Gates, ametoka jeshini na amerudi nyumbani visiwani. Siku ya kuzaliwa ya nyanya ya mpenzi wake, anamletea zawadi aliyoinunua Ulaya: kisanduku cha muziki. Kifuniko kinafunguliwa, kisanduku kinaanza kulia, na kijana anaifuata ile sauti kwa kuimba polepole huku akimtazama bibi usoni. Mpenzi mwenyewe, Maile, yuko hapo hapo akisikiliza. Kwa mila zetu jamaa hakukosea hata kidogo. Ukimtaka binti, mpendeze nyanya yake kwanza.

Wengi wetu tuliokulia kando ya Jogoo Road tuliupata wimbo kabla ya filamu, na wengine hatukuwahi kushuku kwamba kuna filamu. Ulikuja kwa kaseti, ukaja kwa redio, ukaja kwa spika iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma cha namba 58 na kukutetemesha mgongo kuanzia mjini hadi stegi ya mwisho. Hawaii yenyewe iko mbali mno. Kutoka Nairobi hadi Honolulu ni zaidi ya kilomita 17,000, karibu upande wa pili wa dunia. Saa moja asubuhi ya Jumapili, chai inapoanza kuchemka Jericho, kule ni saa kumi na mbili jioni na bado ni Jumamosi. Ajabu ni kwamba ukiichimba filamu hii moja ya mahaba utakuta inarudi tena na tena kwenye mitaa yetu: Ziwani, Kaloleni, Kariokor.

Tuanze na vichekesho. Je, wajua kwamba "mama" wa Elvis katika picha hiyo alimzidi kwa miaka tisa tu? Angela Lansbury alikuwa na miaka 35 picha ilipopigwa, na "mwanawe" alikuwa na 26. Maile naye, ambaye hadithi inasema ni nusu Mhawaii na nusu Mfaransa, aliigizwa na Mmarekani mweupe, Joan Blackman. Hiyo ilikuwa kawaida ya Hollywood. Katika Bird of Paradise ya 1932, binti wa visiwani aliigizwa na Dolores del Río, raia wa Mexico. Wenyeji halisi walipewa kazi ya kucheza ngoma nyuma, kupiga makasia na kutabasamu.

Ugomvi wa nyumbani kwa kina Chad ni wa mananasi. Wazazi wanataka kijana aajiriwe katika kampuni ya matunda ya familia, yeye anataka kutembeza watalii. Mwaka 1961 hilo lilieleweka, kwa kuwa nanasi la Hawaii lilitawala mikebe ya dunia nzima. Lakini mishahara ya huko ilipanda na kampuni zikaanza kutafuta mashamba kwingine. Del Monte, iliyolima mananasi kisiwani Oahu kwa miongo mingi, iliingia Thika katika miaka ya 1960, na mwaka 2006 ikafunga kilimo chake cha Oahu. Kwa hiyo kazi aliyoikataa Chad Gates ilihama, ikaja kukaa mwendo wa saa moja kutoka Kariobangi, kama hakuna foleni.

Je, wajua umri wa ule wimbo? Watu husema ni wa Elvis, vijana husema ni wa UB40. Sauti yake ni ya 1784. Mwaka huo Jean-Paul-Égide Martini, Mjerumani wa kuzaliwa aliyejipa jina la Kiitaliano na kuishi Ufaransa, alitunga wimbo uitwao "Plaisir d'amour" kutokana na shairi la Florian. Miaka 177 baadaye Wamarekani watatu, Hugo Peretti, Luigi Creatore na George David Weiss, waliichukua ile sauti, wakaibadilisha hapa na pale na kuitungia maneno mapya kwa ajili ya Elvis. Martini alikuwa marehemu wa tangu 1816, kwa hiyo hakuna aliyedai chochote.

Hapo ndipo mambo yanapogusa Afrika. Je, wajua kwamba watatu haohao, mwaka huohuo wa 1961, walishughulikia wimbo mwingine wa kuazima, na safari hii mwenyewe alikuwa hai? Ulikuwa "Mbube" wa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939 katika studio ya Gallo. Kwa mikono yao ukawa "The Lion Sleeps Tonight", kundi la The Tokens likauimba, na Desemba 1961 ukashika namba moja Marekani. Linda alikuwa amekwisha kuuza haki zake kwa shilingi chache. Alifariki 1962 akiwa maskini. Wimbo uliendelea kuzunguka dunia hadi ukaingia katika The Lion King ya Disney mwaka 1994, katika filamu ileile inayochekesha watoto wetu kwa maneno "hakuna matata". Mabinti wa Linda walienda mahakamani, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Mtunzi wa 1784 aliazimwa bila deni, Mwafrika wa 1939 aliazimwa na deni likalipwa baada ya miaka 44 kaburini. Mimi nikisikia watu wakiziita nyimbo hizo mbili "za zamani tamu", tamu naiafiki. Hesabu ndiyo inayonisumbua.

Sasa rege. Je, wajua kwamba toleo la Elvis halikufika namba moja Marekani? Liliishia namba mbili, ingawa Uingereza lilifika kileleni. Waliopandisha wimbo hadi juu kabisa kule kwao Elvis walikuwa kundi la UB40 kutoka Birmingham, mwaka 1993, na ukakaa hapo wiki saba. Nao toleo lao lilitumika katika filamu pia, Sliver, picha ya kutisha isiyokuwa na mnazi hata mmoja. Jina la kundi hilo lilitoka kwenye fomu ya serikali ya Uingereza ya kuombea msaada wa wasio na kazi, maana walipoanza mwaka 1978 wengi wao hawakuwa na ajira. Sijui kama makanga wa Jogoo Road walilijua hilo walipouchagua. Kama hawakulijua, basi damu ilitambua damu.

Kuhusu sinema zenyewe, Eastlands ina historia yake. Mitaa ya awali ilijengwa na ukumbi katikati. Pumwani ulipata ukumbi wake wa kumbukumbu katika miaka ya 1920, na Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipata wake uliobandikwa jina la Bunge kwa sababu ya siasa zilizopigwa humo. Ndani ya kuta hizo hizo kulichezwa dansi na ndondi. Lakini usidhani kila picha ilimfikia kila mtu. Chini ya ukoloni filamu zilikaguliwa kwa kuangalia rangi ya mtazamaji, na picha iliyoruhusiwa kwa Mzungu iliweza kukatazwa kwa Mwafrika. Mabusu yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia wakaguzi wasiwasi. Walihofia tungeiga.

Baada ya Uhuru njia ilifunguka. Kutoka Eastlands watu walipanda basi hadi Odeon, au walitembea kwa miguu hadi Shan kule Ngara, kwenye picha za Kihindi. Kwa mahaba marefu hakuna aliyewashinda Wahindi. Sangam ya Raj Kapoor, ya 1964, ina karibu saa nne na mapumziko mawili, na ndani yake unatembezwa Venice, Paris na milima ya Uswisi. Kwa bei ya tiketi moja ulipata kilio, nyimbo na utalii. Televisheni nayo ilianza Kenya mwaka 1962. Kwa miaka mingi seti moja ilihudumia ploti nzima: watoto wenye bahati waliketi sakafuni baada ya kuacha viatu mlangoni, wasio na bahati walichungulia dirishani mpaka pazia likashushwa. Baadaye zikaja nyumba za vidio, mabenchi ya mbao na pazia jeusi, ambako stata hafi kamwe na adui hufa mara tatu. Humo ndimo DJ Afro alimojijengea jina kwa kuyafunika mazungumzo ya Kiingereza na Kichina kwa Kiswahili na Sheng. Blue Hawaii haingempa kazi nyingi. Ngumi zimo, tena zinawapeleka watu selo, ila ni chache.

Elvis mwenyewe hakuhitaji kutafsiriwa. Picha zake zilionyeshwa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, na vijana waliiga nywele na suruali. Kenya ina hata mwimbaji wake wa kantri, Elvis Otieno, anayeitwa Sir Elvis, na jina hilo alipewa kutokana na yule wa Marekani. Ita "Elvis" katika darasa lolote la Umoja uone ni wangapi watageuka.

Je, wajua kwamba ndani ya filamu hiyo ya vicheko kuna wimbo wa malkia aliyepinduliwa? Elvis anaimba "Aloha Oe", uliotungwa karibu mwaka 1878 na Liliuokalani, aliyekuja kuwa malkia wa mwisho wa Hawaii. Tarehe 17 Januari 1893 wafanyabiashara na watu wa mashamba ya miwa walimwondoa kwenye kiti huku wanajeshi wa Marekani wakiwa wameshuka kutoka melini. Mwaka 1895, baada ya wafuasi wake kujaribu kumrudisha, alifungiwa kwa miezi kadhaa katika chumba cha kasri lake mwenyewe. Ni mwaka huohuo, Julai mosi, ambapo Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na sisi tukaingia kwenye daftari. Hawaii ilichukuliwa na Marekani 1898 na kufanywa jimbo mwaka 1959. Serikali ya Marekani iliomba radhi rasmi kwa mapinduzi hayo Novemba 1993, miaka mia moja baadaye. Filamu haigusi lolote kati ya hayo. Inakuonyesha bahari.

Na sasa kisa ambacho Hollywood ilikipita ikiwa hapo hapo. Katika miaka ya 1950 kijana mmoja Mjaluo, Barack Hussein Obama, alifanya kazi ya ukarani Nairobi. Huo ulikuwa wakati wa Tom Mboya, bwana afya wa halmashauri ya jiji aliyegeuka kiongozi wa wafanyakazi, mkazi wa Ziwani ambaye sauti yake ilijaza ukumbi wa Kaloleni. Mboya ndiye aliyepanga ile safari ya wanafunzi kwenda Marekani. Ndege ya kwanza ya kukodi iliondoka Septemba 1959 na vijana 81. Obama hakuwamo ndani yake. Walimu wawili wa Kimarekani waliokuwa Nairobi, Elizabeth Mooney na Helen Roberts, walimsaidia, na mwaka huohuo akaenda peke yake hadi Chuo Kikuu cha Hawaii, akiwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika chuoni hapo. Nyumbani alimwacha mkewe, Kezia.

Mwaka 1960, katika darasa la Kirusi, akakutana na msichana wa miaka 17 aliyeitwa Ann Dunham. Walifunga ndoa kisiwani Maui tarehe 2 Februari 1961. Sasa linganisha kalenda. Tarehe 25 Machi 1961 Elvis alikuwa Honolulu akiimba katika bandari ya Pearl Harbor kuchangisha pesa za mnara wa meli ya Arizona, iliyozamishwa na Wajapani mwaka 1941. Zilipatikana zaidi ya dola 50,000. Baada ya hapo kamera za Blue Hawaii zikaanza kuzunguka. Kwa maneno mengine, Elvis alipokuwa ufukweni akijifanya kumpenda Mhawaii wa kuigiza, katika mji huohuo kulikuwa na karani wa zamani wa Nairobi aliyekuwa na mke mjamzito. Mtoto alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti, filamu ikatoka Novemba. Mtoto yule alikuja kuwa rais wa 44 wa Marekani.

Ndoa ile isingewezekana kisheria katika sehemu kubwa ya kusini mwa Marekani wakati huo. Mahakama ya juu ya nchi ilipofuta sheria za kukataza ndoa za weusi na weupe, mwaka 1967, majimbo 16 bado yalikuwa nazo. Hawaii haikuwa na sheria hiyo. Kwa hiyo visiwa vya kweli vilikuwa na ujasiri kuliko visiwa vya sinema. Lakini tusiipake sukari. Obama aliondoka Honolulu mwaka 1962 kwenda Harvard bila mke wala mtoto, talaka ikaja 1964, na mwaka huohuo akarudi Kenya. Mwanawe alimwona tena mara moja tu, mwishoni mwa 1971, akiwa na miaka kumi. Mzee alifariki kwa ajali ya gari Nairobi mwezi Novemba 1982. Mwana alipokuja Kenya kwa mara ya kwanza, katika miaka ya 1980, hakuwa mtu mkubwa. Kati ya mahali alipopelekwa kusalimia jamaa ni Kariokor, kwenye zile nyumba za ghorofa, na amesimulia ziara hiyo katika kitabu chake cha kumbukumbu. Waliomkaribisha hawakuwa na habari kwamba wanamwandalia rais.

Je, wajua kwamba ndege za Mboya zilichangiwa na mwigizaji wa filamu ya mapenzi ya kisiwani? Harry Belafonte, pamoja na Sidney Poitier na mchezaji Jackie Robinson, alitia saini barua ya kuomba michango kwa ajili ya wanafunzi hao. Miaka miwili kabla ya hapo Belafonte alikuwa ameigiza katika Island in the Sun, picha ya visiwa vya Karibi ambamo yeye, mweusi, anapendana na mwanamke mweupe aliyeigizwa na Joan Fontaine. Wanapendana, lakini hawabusiani hata mara moja. Waliotengeneza picha waliogopa. Kisha mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja iliyopata tuzo ya Grammy, na ndani yake wakaimba "Malaika", kwa Kiswahili, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Utunzi wake umebishaniwa miaka mingi, na upande mmoja hutaja jina la Adam Salim. Lakini ladha yake haina ubishi. Hawaii ilituletea wimbo wa kijana anayependa bila kujizuia. Sisi tuliupa ulimwengu wimbo wa kijana anayependa na hana mahari. Mniwie radhi, wa kwetu ndio unaoyajua maisha.

Gitaa nalo lina lake. Mnamo mwaka 1889 hivi, mwanafunzi mmoja wa Oahu, Joseph Kekuku, alianza kulilaza gitaa mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi, nalo likalia kwa mvuto kama sauti ya mtu. Mtindo huo ulizunguka dunia kwa meli na santuri. Ulifika hadi Léopoldville, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, maarufu kama Jhimmy, alivuma kwa upigaji uliobandikwa jina la Hawaii. Kizazi cha Franco na Dk Nico kilikua kikimsikiliza. Kisha wanamuziki wa Kongo wakahamia kwetu. Super Mazembe waliweka makao Nairobi, Les Mangelepa wakaundwa hapahapa mwaka 1976, na baa za Eastlands zikapata rumba ambayo hadi leo haijakubali kustaafu. Ukisikia gitaa la solo likiteleza taratibu kabla ya sebene kuchacha, ujue kwamba kuna Mhawaii mmoja katika ukoo huo, japo wa mbali.

Kwa wapenzi wa picha kongwe zaidi: Clark Gable, aliyeasi melini na kumpenda binti wa Tahiti katika Mutiny on the Bounty ya 1935, ndiye yuleyule aliyekuja Afrika Mashariki kupiga Mogambo, picha iliyotoka 1953, akigombaniwa na Ava Gardner na Grace Kelly huku Kenya ikiwa katika hali ya hatari. Mwelekezi wa Mogambo, John Ford, alikuwa amekwisha kutengeneza The Hurricane ya 1937, mahaba ya visiwa vya Kusini yanayomalizwa na kimbunga. Marlon Brando aliirudia hadithi ya Bounty mwaka 1962, naye hakuigiza tu: alimwoa Tarita Teriipaia, Mtahiti aliyecheza kama mpenzi wake, kisha akanunua kisiwa kizima cha Tetiaroa. Na kiini cha uasi ule wa kweli wa Aprili 1789 kilikuwa meli iliyobeba miche ya shelisheli kutoka Tahiti, ili watumwa wa Karibi wapate chakula cha bei rahisi. Ndiyo, shelisheli lilelile linalochomwa na kupikwa Pwani na Zanzibar.

Undugu wa Pwani na visiwa hivyo ni wa kale kuliko sinema. Mababu wa Wapolinesia na mababu wa watu wa Madagaska walitoka kwenye ukoo mmoja wa mabaharia wa kusini mashariki mwa Asia. Wengine walielekea mawio, wengine machweo. Ngalawa zetu zenye mihimili na vielea pembeni zinahusishwa na ujuzi wao. Hata nazi zinatoa ushahidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2011 uligundua kwamba minazi ya dunia ina makundi makuu mawili, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na kwamba katika visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, Madagaska ikiwemo, makundi hayo yamechanganyika. Nani aliyezileta nazi za Pasifiki huku ila mabaharia? Dafu alilokunywa Elvis na nazi iliyo kwenye wali wa harusi Makadara huenda ni binamu.

Tumalizie na majengo. Je, wajua kwamba hoteli ya Coco Palms, kisiwani Kauai, ambako harusi ya mwisho wa filamu ilipigwa, watu wakipita majini kwenye mitumbwi iliyojaa maua, ilivunjwa na kimbunga Iniki Septemba 1992? Kwa miaka kadhaa wapenzi walikuwa wakija kutoka mbali kuoana kwa mtindo uleule. Baada ya kimbunga magofu yake yalikaa miongo mingi bila kujengwa upya. Zetu hazikuhitaji kimbunga. Odeon imebaki jina ambalo makanga huliita wakitafuta abiria, na Shan imekuwa Sarakasi Dome, mahali wanasarakasi wanapofanyia mazoezi, jambo ambalo angalau si baya.

Blue Hawaii ina dakika 102, na wakosoaji hawajawahi kuiita picha bora. Itazame hata hivyo, angalau mpaka pale kisanduku cha muziki kinapofunguliwa. Na kama babu au nyanya yako wa Bahati, Maringo au Shauri Moyo aliwahi kuiona ukumbini Nairobi, muulize kabla hajasahau: ukumbi gani, tiketi ilikuwa pesa ngapi, alirudi nyumbani kwa basi au kwa miguu. Andika majibu na uweke tarehe. Swali la alienda na nani liache la mwisho, na usiliulize mbele ya watu.